Nati ya Stenlesi Ikiharibika, Alipe Nani?

Katika karakana za viwanda mara kwa mara mkerezaji hupewa kazi ambayo kwa macho ni ndogo sana: nati ya stenlesi ya kukazwa kwa vidole, itiwe nalingi. Nalingi ni ile nakshi ya mistari, au ya vialmasi, inayozuia vidole visiteleze. Kazi hutoka ina magamba, au mistari imepandana, na msimamizi huitupa kwenye skrapu. Ubaya huanza pale bei ya kile kipande inapoandikwa ikatwe kwenye mshahara wa fundi, kana kwamba mkono wake ndio uliokosea.

Tukitazame kwanza chuma chenyewe. Kinachozuia kutu ni kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5. Aina itumikayo sana, inayoitwa 304, ina kromiamu kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha 8. Chuma hiki kina tabia moja ya kutesa watu: kadiri kinavyokandamizwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Na nalingi ya kawaida haikati. Magurudumu yenye meno hukandamiza chuma na kukisukuma kipande juu, hata kipenyo huongezeka. Basi fundi anayegusa kidogo kidogo kwa kuogopa kuharibu, anaifanya ngozi ya juu iwe ngumu, na akipitisha mara ya tatu ngozi hiyo hubanduka. Shaba ya manjano humsamehe mtu. Stenlesi haisamehe.

Inatakiwa gurudumu lianzie ukingoni, nusu ya upana wake tu ikiwa juu ya kazi, likandamizwe kwa nguvu mara moja mpaka nakshi ionekane, kisha liende mbele bila kusimama. Mwendo uwe wa pole. Mafundi wengi huanza na mita 10 hadi 15 kwa dakika. Kwa kipenyo cha milimita 12 hiyo ni mizunguko kati ya 260 na 400. Oili imwagike kwa wingi, maana chembe zikibaki kati ya meno hukandamizwa tena ndani ya kazi. Tena ncha zisifanywe kali kabisa: zikifika hapo huanza kuvunjika.

Jambo ambalo wengi hawakufundishwa ni kipenyo cha kuanzia. Mzingo wa kazi lazima ugawanyike sawasawa kwa nafasi ya jino hadi jino. Chukua gurudumu la mistari iliyonyooka, nafasi milimita 1. Kipenyo cha 12 kina mzingo wa 37.7, kwa hiyo baada ya mzunguko mmoja meno huweza kuangukia pembeni ya alama za kwanza, na mistari ikapandana. Kereza mpaka 11.78 upate mistari 37, au acha 12.10 upate 38. Ikiwa mchoro umeandikwa 12 tu bila nafasi ya kupungua wala kuzidi, fundi amefungwa mikono kabla hajawasha mashine.

Kipande chembamba nacho hupinda kikisukumwa upande mmoja. Kishikiliwe na senta kwa nyuma, au kitumike kishikio cha mkasi, ambacho magurudumu yake hubana kazi juu na chini. Kipo pia kifaa ambacho magurudumu yake hukata badala ya kukandamiza; bei yake ni kubwa zaidi, lakini stenlesi hutoka safi, na kiwanda kinachotengeneza vipande mamia kwa mamia hakina sababu ya kukikataa. Ajabu ni kwamba stoo ileile inayobania gurudumu jipya haioni hasara ya pipa zima la skrapu!

Hapa tuseme pia: glavu na kitambaa visikaribie kazi inayozunguka. Oili ipakwe kwa brashi ndefu, pale meno yanapoiachia kazi, si pale yanapoingia.

Kuhusu mshahara, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mjumbe wa chama akiitwa, aombe mchoro wa kazi, aombe gurudumu lililotumika, aangalie meno yake na kama pini yake imelegea, na apime kipenyo cha kipande ambacho hakijatiwa nalingi. Kipande kilichoharibika nacho kisipelekwe kwenye skrapu mpaka shauri lisikilizwe.