Upitishaji Umeme wa Nyaya za Molekuli: Kipimo cha Molekuli au cha Kiungo Kizima?

Katika waya wa kawaida wa shaba, ukinzani huongezeka sambamba na urefu: waya ukirefushwa maradufu, ukinzani nao huwa maradufu. Hali huwa tofauti molekuli moja fupi inapofungwa baina ya ncha mbili za dhahabu. Humo elektroni haisafiri ikigongana na atomu njiani, bali hupenya kizuizi cha nishati kwa tabia yake ya wimbi. Matokeo yake, upitishaji hushuka kwa kasi kubwa kadiri molekuli inavyorefuka. Katika minyororo ya alkani, kila atomu ya kaboni inayoongezwa huugawa upitishaji kwa takribani 2.7.

Neno upitishaji linatumika hapa kwa maana ya kiasi kinachopimwa katika kiungo kimoja mahususi, wala si sifa ya jumla ya dutu. Tofauti hiyo si ya msamiati tu, kwani molekuli moja haina eneo la mkato wala urefu vinavyoweza kugawanywa ili kupata sifa ya dutu. Kizio kinachotumika ni kwanta ya upitishaji, 2e²/h, yaani mikrosimensi 77.5, sawa na ukinzani wa kiloohimu 12.9. Mnyororo wa dhahabu wenye unene wa atomu moja hukaribia kiasi hicho. Molekuli nyingi huwa chini yake mara mia au zaidi.

Wazo la kuifanya molekuli moja kuwa kijenzi cha saketi lilitolewa na Aviram na Ratner mwaka 1974, lakini upimaji ulichukua zaidi ya miongo miwili kufuata. Mwaka 1997 Reed na wenzake walipima benzini yenye salfa katika ncha zote mbili na kupata ukinzani wa takribani megaohimu 22. Mwaka 2003 Xu na Tao waliwasilisha mbinu ya kuichovya ncha ya hadubini ya mpenyo katika dhahabu na kuivuta tena, mara elfu na zaidi, kisha kuzikusanya thamani katika histogramu. Kwa molekuli ileile, mbinu hiyo ilitoa takribani 0.011 ya kwanta, yaani upitishaji mkubwa karibu mara 20 kuliko ule wa mwanzo.

Ni rahisi kudhani kwamba upande mmoja ulikosea. Dhana hiyo haitoshelezi. Salfa hujishikiza kwenye dhahabu kwa namna nyingi: juu ya atomu moja, baina ya mbili, au katika bonde la tatu, na kila mshikamano huleta upitishaji wake. Venkataraman na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2006 walipotumia amini badala ya salfa. Amini hujifunga kwa atomu moja ya dhahabu iliyochomoza, na kilele cha histogramu kikawa chembamba zaidi. Kutokana na uthabiti huo waliweza kupima athari ya umbo lenyewe: katika molekuli za bifenili, upitishaji ulifuata mraba wa kosaini ya pembe baina ya pete mbili. Pete zikisokotwa kwa digrii 60, hubaki robo tu ya upitishaji wa molekuli bapa. Hivyo basi, thamani isiyotaja aina ya kifungo haifai kuwekwa katika jedwali moja na nyingine.

Hata hivyo, upenyaji una kikomo. Mwaka 2008 Choi, Kim na Frisbie walirefusha nyaya zenye pete za benzini na kukuta badiliko kwenye takribani nanomita 4. Kabla ya hapo ukinzani ulipanda kwa kasi na haukuathiriwa na halijoto. Baada ya hapo ulipanda polepole, na ukapungua halijoto ilipoongezwa, dalili kwamba chaji sasa iliruka kutoka kituo hadi kituo. Vipimo hivyo vilitumia ncha iliyogusa molekuli nyingi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, kinachoweza kulinganishwa na kiungo cha molekuli moja ni mwelekeo wa mabadiliko, si ukinzani wenyewe.