Fahamu: Kwa nini masafa ya simu yapigwe mnada
Mwaka 2008 India iligawa leseni za simu, pamoja na masafa yake, kwa bei ya mwaka 2001, anayetangulia akihudumiwa kwanza. Februari 2012 Mahakama ya Juu ilifuta leseni 122 na kuagiza mnada. (Washtakiwa wa kesi ya rushwa iliyotokana na ugawaji huo waliachiwa 2017, lakini utaratibu ulibaki mbovu.) Wapo wanaodai mnada humpandishia mteja gharama. Mbona basi unafuu wa 2008 uliishia kwa wenye leseni, ambao baadhi yao waliuza hisa kwa thamani iliyozidi ada mara kadhaa? Kampuni hutoza kadiri ushindani unavyoruhusu. Hatari halisi ni bei ya kuanzia iliyo juu mno: katika mnada wa Novemba 2012, masafa ya Delhi na Mumbai yalikosa mnunuzi hata mmoja.