Kamba moja, watu wawili, upepo katikati

Sisi wa milimani tunalijua jambo hili. Unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde: «Usilete mbuzi!» Upepo unachukua mwanzo wa neno, naye jioni anafika na mbuzi.

Wanaopanda miamba huko Marekani na Uingereza wana shida hiyohiyo, lakini kwao inaweza kugharimu uhai. Huenda wawili wawili, wamefungwa kamba moja. Mmoja anapanda; mwenzake anabaki chini, ameipitisha kamba katika kifaa cha kuizuia. Wa juu akiteleza, wa chini ndiye anayemshika. Kamba nyingi zina urefu wa mita 60 hivi, kwa hiyo mara kwa mara hawaonani. Inabaki sauti tu.

Ndiyo sababu wanatumia amri fupi. Kwa Kiingereza, «take» ni kusema: kaza, unishike. «Slack» ni kusema: nilegezee. Kichekesho kinaanzia hapa. Mtu ameona kamba imelegea mno, ameogopa, naye anatoa sentensi nzima: «Take in the slack!», yaani, vuta kamba hiyo iliyolegea. Chini linafika neno la mwisho peke yake. Mwenzake, kwa moyo mweupe, anamwongezea kamba. Wa juu anapaza sauti zaidi. Wa chini anaongeza tena, akishangaa huyu anataka kamba yote hiyo ya nini. Wapandaji hucheka wakisimulia, lakini wanaoanza hufundishwa wasiseme sentensi hiyo.

Kosa lingine halichekeshi. Aliyefika juu anangoja kuteremshwa. Wa chini anadhani mwenzake atateremka mwenyewe, naye ameshaitoa kamba kwenye kifaa. Wa juu anaegemea nyuma, na hakuna anayemshika. Watu wamekufa hivyo.

Kwa hiyo wanapatana wakiwa bado chini: ukifika juu, utateremkaje? Penye watu wengi wanatanguliza jina la mwenzao, ili mtu asitii amri ya jirani. Kila amri inajibiwa. Upepo ukizidi, wanavuta kamba mara kadhaa, kwa hesabu waliyopatana.

Nasi tujifunze kusema tunachotaka, siyo tusichotaka. Kesho tupaze sauti hivi: «Mbuzi abaki!» Kisha tungoje jibu.