Swali la maksi sita linapokula saa nzima

Kuna wazazi wakishika karatasi ya mtihani ya mtoto, macho yanakimbilia kwenye ile namba ya wino mwekundu tu. Ikiwa 80, soda inanunuliwa. Ikiwa 28, basi ni kasheshe, mtoto anakosa hata pa kukaa. Nikuulize mzazi mwenzangu: umewahi kufunua ndani ukaona kila swali limepewa maksi ngapi? Mimi ndiyo kazi yangu pale mtaani, na niliyoyaona humo si ya kunyamazia.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua 100, gawanya kwa idadi ya maswali. Maswali 20, kila moja 5. Maswali 25, kila moja 4. Maswali 40, kila moja mbili na nusu. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale namba inapokataa kugawanyika.

Mtoto wa jirani yangu aliniletea karatasi ya maswali 12, kila moja maksi 8. Zidisha uone: 96! Hizo 4 zimekwenda wapi? Hata angekuja Einstein akapatia yote, angetoka na 96 yake. Mtoto kapata 44, ikaandikwa 44, akapewa D. Kwa madaraja ya Kidato cha Nne, D ni kuanzia 30 hadi 44, C inaanzia 45. Sasa gawanya 44 kwa 96, zidisha kwa 100. Unapata 45.8. Hiyo ni C, bwana! Yaani mtoto kasemwa nyumbani wiki nzima kwa D isiyo yake. Nikamshauri mama yake aende kwa mwalimu taratibu, bila makelele. Mwalimu akapiga hesabu mwenyewe, akabadilisha.

Walimu nao wana njia rahisi ya kukwepa balaa hili: mafungu. Tuseme una maswali mafupi 20 na marefu 5, na refu moja lina uzito wa mafupi manne. Mafupi ni mafungu 20, marefu ni mafungu 20, jumla 40. Gawanya 100 kwa 40, fungu moja ni mbili na nusu. Basi fupi lina 2.5, refu lina 10. Hamsini huku, hamsini kule, hakuna cha mtu kilichopotea.

Lakini kubwa kuliko ni kwa mwanafunzi mwenyewe. Mpwa wangu wa Kidato cha Nne alirudi na 27 ya Hisabati katika mtihani wa majaribio. Hiyo ni F, na alibakiza maksi 3 tu aipate D. Kufunua ndani, maswali mawili ya Sehemu B hayajaguswa kabisa. Namuuliza, anajibu, “Mjomba, muda uliniishia.” Muda ulikwenda wapi? Swali moja la Sehemu A lilikuwa na kurasa tatu za kukokotoa na kufuta. Alikiri lilimla karibu saa nzima. Na thamani yake? Maksi 6!

Nikamkalisha chini. Karatasi ya Hisabati kwa mtindo uliozoeleka ni hivi: Sehemu A maswali 10 ya maksi 6, jumla 60, Sehemu B maswali 4 ya maksi 10, jumla 40. Muda ni saa 3, yaani dakika 180. Gawanya kwa 100: kila maksi ina dakika moja na sekunde 48. Swali la maksi 6 halifikishi hata dakika 11. La maksi 10 ni dakika 18. Sehemu A inakula dakika 108, Sehemu B 72. Jumla 180, saa imekwisha.

Siku hizi anafanya mazoezi na saa mezani. Dakika 11 zikipita anaacha nafasi, anahamia swali jingine.

Nawe mwanafunzi unayesoma hapa, fanya hivyo hivyo. Kabla ya kuandika neno, pitia karatasi nzima, angalia maksi pembeni. Swali likiwa na (a) na (b), chota kile unachokiweza. Ukokotoaji uonekane, maana hata jibu likikosewa, hatua sahihi zinaweza kukuokotea maksi mbili tatu. Hizo tatu usizidharau. Ndizo zinazotenganisha F na D.