Makosa ya Kuingiza Moduli katika Python: Tatizo la Jina na Kirejelewa

1.0 Utangulizi

Watafiti wa isimu wanaochanganua matini za Kiswahili kwa kompyuta aghalabu hutumia Python, lugha ya kuprogramu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Kikwazo cha kwanza wanachokutana nacho mara nyingi si cha kiisimu: programu hukataa kuendelea na kompyuta hutoa ujumbe "ModuleNotFoundError", yaani moduli haikupatikana. Wengi hukimbilia kusakinisha kila kitu upya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hili ni la urejeleaji, na kwamba anayelielewa hivyo hujikinga pia na kosa jingine lililo hatari zaidi.

2.0 Jinsi Jina Linavyotafutwa

Moduli ni faili la maagizo yanayoweza kutumiwa na programu nyingine. Agizo "import ngeli" hukitaka kifasiri, yaani programu inayotekeleza maagizo ya Python, kitafute kitu chenye jina hilo. Kifasiri hutazama kwanza moduli zilizokwisha kupakiwa na zile zilizomo ndani yake chenyewe, kisha hupitia saraka zilizoorodheshwa katika "sys.path", moja baada ya nyingine. Kwa kawaida saraka ya kwanza ni ile yenye programu inayoendeshwa. Maktaba sanifu hufuata, na moduli zilizosakinishwa huja mwishoni. Kinachopatikana kwanza ndicho kinachochukuliwa.

Hapa pana tofauti ya msingi na lugha ya binadamu. Msemaji wa Kiswahili akisikia neno "paa" hutumia muktadha kuamua kama ni mnyama, sehemu ya nyumba au kitendo cha kwenda juu. Kifasiri hakina muktadha. Kina mpangilio tu.

3.0 Aina za Makosa

Makosa haya yanaweza kuainishwa kama ifuatavyo:

(a) Jina halina kirejelewa. Moduli haijasakinishwa, au jina limeandikwa vibaya. Aidha, jina la kusakinishia huweza kutofautiana na la kuingizia: "scikit-learn" huingizwa kwa jina "sklearn".

(b) Kirejelewa kipo kwa kifasiri kingine. Kompyuta moja huweza kuwa na Python zaidi ya moja. Agizo "python -m pip install", likifuatwa na jina la kinachosakinishwa, huhakikisha kuwa usakinishaji unafanywa kwa kifasiri kilekile kinachoitwa kwa neno "python".

(c) Jina limefunikwa. Mtafiti akiliita faili lake "random.py", huifunika moduli ya maktaba sanifu inayotumika kuteua sampuli. Kompyuta hailalamiki kwamba moduli haipo, bali kwamba haina kinachoombwa. Dawa ni kubadili jina la faili.

(d) Moduli mbili zinaingizana. Ya kwanza huiomba ya pili jina ambalo bado halijaundwa. Yanayotumiwa na zote mbili yahamishiwe katika moduli ya tatu.

4.0 Kosa Lisilo na Ujumbe

Mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyemsimamia alikuwa na nakala mbili za faili "ngeli.py" katika saraka tofauti. Alisahihisha kanuni za ngeli ya 9 na ya 10 katika nakala moja, ilhali programu yake ilikuwa ikiichukua nyingine. Hapakutokea ujumbe wowote. Majedwali ya sura nzima yalihesabiwa kwa kanuni alizokwisha kuzikataa mwenyewe. Tulishtuka tulipoona kwamba takwimu hazikubadilika hata kidogo baada ya masahihisho. Mstari mmoja, "print(ngeli.__file__)", ulituonyesha faili lililokuwa likisomwa. Sura ile ilibidi iandikwe upya, na ilikuwa karibu kufika kwa watahini.

5.0 Hitimisho

Kabla ya kusakinisha chochote, mtafiti ajiulize maswali matatu: Ni kifasiri gani kinachoendesha programu? Kinatafuta wapi? Kimepata faili gani? Majibu yanatolewa na "sys.executable", "sys.path" na "__file__", kwa mfuatano huo. Inapendekezwa kwamba majibu hayo, pamoja na matoleo ya moduli zilizotumika, yaandikwe katika sura ya mbinu za utafiti, kama tunavyotaja chanzo cha data. Ujumbe wa kosa humsumbua mtafiti kwa saa chache. Ukimya wa kompyuta huweza kuiharibu tasnifu nzima.