VIUNGO VINAPOVIMBA: USINGOJEE DAWA YA KESHO



Maumivu ya mikono si ya namna moja. Mtu aliyeshika mashine ya kutoboa mawe tangu asubuhi anaumwa jioni, akilala, yanapungua. Lakini kuna ugonjwa mwingine. Asubuhi vidole vimekaza zaidi ya nusu saa, vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, mwili umechoka bila sababu. Unashika wanawake kuliko wanaume. Ni rumatizimu ya viungo. Hautoki kwa baridi wala kwa uchawi.

Mwili una askari wake katika damu, wa kupigana na mikroba. Katika ugonjwa huu askari wanakosea adui: wanashambulia ngozi nyembamba iliyo ndani ya kiungo. Kiungo kinavimba, kisha mfupa unaliwa. Vumbi la mawe na tumbaku vinaongeza hatari. Mwaka 1953 mganga Caplan aliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales: wenye rumatizimu hii walikuwa na vinundu vya pekee katika mapafu. Basi maji kwenye mashine na maski puani havilindi kifua peke yake.

Wengine wanauliza: «Je, hakuna sindano ya jeni?» Jeni ni amri iliyoandikwa ndani ya chembe za mwili. Wataalamu walifikiri hivi: tukitia katika kiungo amri ya kutengeneza dawa, kitajitibu chenyewe. Mwaka 1996, huko Pittsburgh, Marekani, walianza kujaribu, na wanawake 9 walitibiwa katika vifundo vya vidole. Amri ilifanya kazi. Lakini baada ya wiki moja vifundo vilitolewa kwa upasuaji, kama ilivyopangwa, ili vichunguzwe. Kujaribu si kuponya.

Mwaka 2007, katika jaribio lingine, mama wa miaka 36 alikufa Chicago kwa ugonjwa wa kuvu ulioenea mwilini. Uchunguzi haukuona kwamba sindano ya jeni ndiyo iliyomwua. Alikuwa pia akitumia dawa nyingine inayopunguza nguvu za askari wa mwili. Tukumbuke: askari tunaowatuliza ndio hao wanaotulinda.

Kazi hiyo inaendelea, lakini bado hakuna sindano ya jeni iliyokubaliwa kwa rumatizimu hii. Anayekuuzia anakula posho ya watoto wako.

Dawa ya leo ipo. Inayotumiwa kwanza mara nyingi ni metotrekisate. Shika vizuri:

1. Kinini chake kinanywewa siku MOJA tu kwa wiki. Kukinywa kila siku kunaweza kuua.
2. Mama mwenye mimba, au anayetaka mimba, asikinywe. Baba anayetaka mtoto aulize mganga kwanza.
3. Pombe pamoja nacho inaharibu ini.
4. Damu ipimwe kila mara mganga anapoagiza.
5. Ukipata homa au kikohozi, rudi dispanseri upesi.

Viungo vikivimba majuma kadhaa, usijifunge kitambaa na kunyamaza mbele ya kapita. Njoo. Uvimbe tunaweza kuupunguza. Mfupa ulioliwa haurudi.

Mikono yako ndiyo mkate wa nyumba yako. Uitunze!