Antoine Doinel: Mtu Mmoja Katika Picha Tano za Sinema

Wengi wetu tumezoea picha za sinema ambazo maisha ya mtu huanza na kwisha kwa muda wa saa mbili. Akiwa mtoto huchezwa na mtu huyu, akisha kuwa mtu mzima huchezwa na mwingine, nasi twakubali tu kwamba ni yule yule. Leo nataka kuwaeleza habari za picha tano za Kifaransa ambazo hazikufanya hivyo. Katika hizo mchezaji ni mmoja tangu utoto mpaka utu uzima, na kazi yote ilichukua miaka 20, toka mwaka 1959 mpaka 1979.

Mtengenezaji wake ni François Truffaut, aliyezaliwa Paris mwaka 1932. Mchezaji ni Jean-Pierre Léaud, aliyezaliwa mwaka 1944. Mtu anayesimuliwa humo huitwa Antoine Doinel.

Yafaa kwanza tumjue Truffaut mwenyewe. Mama yake alimzaa kabla ya kuolewa, na mume aliyemwoa baadaye ndiye aliyempa mtoto jina lake. Miaka yake ya kwanza alilelewa na bibi yake. Alipokuwa mkubwa kidogo alikimbia masomo, akapenda sinema na vitabu kuliko chakula. Mwaka 1948 alitiwa katika kituo cha watoto watukutu huko Villejuif. Aliyemsaidia ni André Bazin, mwandishi wa mambo ya sinema, ambaye alimpa kazi na kumfanya kama mwanawe. Baadaye Truffaut akaingia jeshini, akatoroka, akafungwa. Na mara hii pia Bazin akamsaidia. Kisha akaanza kuandika habari za sinema gazetini, na kalamu yake ilikuwa kali mno. Mwaka 1958 alinyimwa ruhusa ya kuhudhuria maonyesho makubwa ya sinema huko Cannes. Mwaka uliofuata alirudi Cannes na picha yake mwenyewe, akapewa tuzo ya mtengenezaji bora. Umri wake ulikuwa miaka 27.

Picha hiyo ni Les Quatre Cents Coups. Jina lake ni msemo wa Kifaransa: wakisema mtu amepiga mapigo mia nne, maana yake amefanya utundu wa kila namna. Antoine ni mvulana wa miaka kama 13. Nyumbani kwao ni padogo, mama hana subira naye, na baba wa kambo ni mtu wa mzaha leo na hasira kesho. Shuleni mwalimu amekwisha mtia alama kuwa ni mbaya. Siku moja anakosa masomo, na alipoulizwa sababu anajibu kwamba mama yake amekufa. Mara mama huyo anatokea mlangoni pa darasa, naye Antoine anapigwa kofi mbele ya wenzake. Baadaye anaiba mashine ya taipu katika ofisi ya baba wa kambo, anashindwa kuiuza, na anakamatwa wakati anairudisha. Baba mwenyewe anampeleka polisi. Kijana analala rumande, kisha anapelekwa kituo cha watoto watukutu.

Nawaomba ninyi wanafunzi mtazame vizuri jambo hilo la mashine ya taipu. Alipoiba hakuna aliyemwona. Alikamatwa katika saa ile aliyokuwa akijaribu kutengeneza kosa lake. Truffaut hasemi kuwa kuiba si kosa, wala hasemi kuwa kijana hakudanganya. Anachotuonyesha ni kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa naye chini akamwuliza, “Mwanangu, una nini?” Wa kwanza kumwuliza ni mwanamke wa kituoni, ambaye kazi yake ni kupima tabia za watoto. Hapo Léaud hakupewa maneno ya kukariri. Truffaut mwenyewe alimwuliza maswali, kijana akajibu kwa maneno yake, na sauti ya mwanamke ikatiwa baadaye. Ndiyo maana mtazamaji anahisi kuwa anasikia ukweli.

Mwisho wa picha hiyo umekuwa mashuhuri ulimwenguni. Antoine anatoroka wakati wa mchezo wa mpira, anakimbia mbio ndefu mpaka ufukoni mwa bahari, ambayo hajapata kuiona maishani. Anaingia majini kidogo, anageuka, anatutazama usoni, na picha inaganda. Kwa kawaida sinema hupitisha vipicha 24 kila sekunde, na kwa sababu hiyo twaona mwendo. Hapa kipicha kimoja kilirudiwa tena na tena, basi mwendo ukakoma. Hatuambiwi kama kijana atakamatwa au ataokoka. Tunaachiwa uso wake tu.

Huenda hadithi ingekoma hapo. Lakini mwaka 1962 Truffaut alimrudia Antoine katika picha fupi, Antoine et Colette. Sasa ana miaka 17, anafanya kazi katika kiwanda cha sahani za santuri, na anampenda msichana waliyeonana kwenye muziki. Anahamia nyumba inayoelekeana na ya msichana. Matokeo yake ni kwamba wazazi wa Colette wanampenda sana, lakini Colette mwenyewe hamtaki!

Mwaka 1968 ikatoka Baisers volés, picha ya rangi. Antoine amefukuzwa jeshini. Anakuwa karani wa usiku hotelini, kisha mpelelezi wa kukodiwa, kisha fundi wa televisheni, na anampenda Christine. Katika Domicile conjugal ya mwaka 1970 wameoana, wana mtoto wa kiume, lakini Antoine anamwendea mwanamke mwingine na nyumba inayumba. Katika L'Amour en fuite ya mwaka 1979 wanaachana, naye anafanya kazi ya kusahihisha chapa. Katika picha hii ya mwisho, Antoine anapokumbuka utoto wake, Truffaut anatuonyesha vipande vya picha za zamani. Ni uso wa Léaud yule yule, ila wa miaka 14.

Methali yetu husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilipozitazama picha hizi kwa mfuatano niliona kuwa methali hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Ulimwengu ulimfunza Antoine kazi nyingi, bali haukumfunza kukaa mahali pamoja. Katika kila nyumba anayoingia anatafuta wazazi: anapenda hata baba na mama za wasichana anaowachumbia. Akipata nyumba yake mwenyewe, hajui namna ya kuitunza. Lakini pia hakuwa jambazi, kama mwalimu wake angalivyoweza kutabiri. Amekuwa mtu wa kawaida, mcheshi, mwenye makosa, aliyeandika kitabu.

Kuna jambo jingine zito. Picha ya kwanza iliwaumiza wazazi wa Truffaut, maana walijiona humo, na watu wote waliona pamoja nao. Mama yake alifariki mwaka 1968. Katika picha ya mwisho Antoine anakutana na mzee Lucien, yule bwana ambaye zamani alimwona akimbusu mama yake njiani. Mzee anamwambia kuwa mama yake alimpenda kwa namna yake, kisha anampeleka kwenye kaburi lake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo thamani ya kumfuata mtu mmoja kwa miaka 20. Mtoto wa miaka 13 hawezi kumhukumu mama yake kwa haki. Mtu wa miaka 30 na kitu anaweza kuanza kumwelewa, hata kama amechelewa.

Truffaut hakutengeneza picha nyingine ya Antoine. Alifariki mwaka 1984, umri wake miaka 52. Léaud aliendelea kucheza, na mwaka 2016 alipewa huko Cannes tuzo ya heshima kwa kazi yake yote.

Basi ndugu zangu, ninyi mlio madarasani msidhani kwamba jina baya mlilopewa mwaka huu ndilo mtakalozikwa nalo. Nasi tuliokwisha maliza shule, ambao leo ni wazazi na walimu, tukimkuta mtoto ameshika mashine ya taipu mkononi, tumwulize kwanza alikuwa akienda nayo wapi.